Land Rover 110 au Land Cruiser mkonga: lipi la kufufua uani kwako?

Anayetaka kufufua gari chakavu la fo wili nyumbani, awe Sakina au Njiro za Arusha, au Pasua na Himo upande wa Moshi, mwishowe hubaki na majina mawili. La kwanza ni Land Rover 110, iliyoingia sokoni mwaka 1983 na kupewa jina la Defender mwaka 1990. La pili ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, hasa HZJ75, iwe pikapu au ile ndefu iliyokuwa ikibeba watalii, ambayo wengi huiita mkonga. Magari haya bado yapo kwenye nyua za watu kwa sababu yamefanya kazi ukanda huu kwa miaka mingi: hifadhini, mashambani, kwenye misheni na kwenye miradi ya maji.

Yote mawili yana kutu. Kinachoyatofautisha ni mahali kutu ilipojificha, na zana utakazohitaji kuifuata huko. Land Rover inaficha ugonjwa wake chini lakini inafunguka kwa spana. Land Cruiser inauonyesha wazi, ila kuutibu kunataka mtu anayejua kuchomelea bati jembamba. Kabla ya kuuliza bei, jiulize una fundi gani, au wewe mwenyewe mkono wako unaweza nini.

Kutu ya Land Rover

Imani kwamba Land Rover hailiwi na kutu imewaingiza watu wengi hasara. Ni kweli madigadi, boneti, kitanda cha nyuma na ngozi ya milango ni alumini. Lakini chesisi ni chuma, na chuma chenyewe si kinene, karibu mm 2 tu. Ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva ni chuma. Fremu ya ndani ya kila mlango ni chuma. Vishikizo vinavyobeba sakafu ya kitanda cha nyuma ni chuma. Kwa hiyo unaweza kusimama mbele ya Land Rover yenye madigadi safi kabisa huku chesisi yake ikitoboka kwa bisibisi.

Chesisi huoza kuanzia ndani. Ni boksi lililofungwa. Tope na vumbi huingia kwenye matundu yake, hukaa hapo na kunyonya maji kila masika. Udongo mweusi wa mbugani ni mbaya zaidi kwa sababu hushika unyevu muda mrefu baada ya barabara kukauka. Sehemu za kukagua ni hizi: boriti ya mwisho nyuma panapofungwa bampa na ndoano ya kuvutia, mikono inayotoka kwenye chesisi kushika ukuta wa injini, boriti inayopita chini ya gia boksi, mkunjo unaopanda juu ya ekseli ya nyuma, na ncha za mbele chini ya rejeta.

Ukuta wa injini nao una maeneo yake matatu. Sehemu ya kuwekea miguu hutoboka chini ya zulia. Pembe za juu, pale kioo cha mbele kinapokaa, huvimba. Na miguu ya nguzo za milango huoza mpaka mlango unashuka na kukataa kufunga. Ukiona mlango wa dereva unainuliwa kwa mkono ndipo ufunge, usidhani ni bawaba. Angalia chini ya nguzo.

Halafu kuna ugonjwa wa alumini yenyewe. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu wenye chumvi, umeme mdogo hupita kati yake na alumini ndiyo inayoliwa. Hugeuka unga mweupe, rangi hunyanyuka malengelenge, kisha shimo. Utayaona malengelenge hayo kwenye kingo za chini za milango, pale ngozi ya alumini ilipokunjwa kushika fremu ya chuma, na kuzunguka kila bolti.

Hapa kwetu ongeza jambo moja ambalo vitabu vya Uingereza haviligusi sana. Gari lililofanya kazi Engaresero na kando ya Ziwa Natron limebeba magadi chini yake. Magadi hula alumini tupu moja kwa moja, na chumvi ya kawaida iliyochanganyika nayo hushambulia chuma. Gari la namna hiyo, au lililotoka Tanga au Dar es Salaam, lioshwe chini kwa maji mengi safi zaidi ya mara moja kabla ya ukaguzi wowote. Ganda jeupe likitoka ndipo utaona ukweli.

Kutu ya Land Cruiser

Bodi ya Land Cruiser ni chuma chote, kwa hiyo kutu iko mbele ya macho. Anzia juu: mfereji wa maji unaozunguka paa. Gundi ya mfereji ikipasuka, maji huingia kati ya mabati mawili na kuoza kutoka ndani. Ile ndefu ya watalii iliyokatwa paa ili kuweka kifuniko cha kuangalia wanyama huwa na hali mbaya zaidi, kwa kuwa kila panapokatwa panabaki chuma tupu, na mara nyingi aliyekata hakupaka kitu. Shuka kwenye fremu ya kioo cha mbele, hasa pembe mbili za chini chini ya mpira. Kisha chini ya milango, pembe za nyuma nyuma ya matairi, na sakafu chini ya zulia la dereva.

Chesisi yake ni nzito kuliko ya Land Rover na huvumilia zaidi. Pamoja na hayo, piga nyundo juu ya ekseli ya nyuma, kwenye vishikio vya springi, na mahali bodi inapokalia mipira yake. Angalia pia nyufa panapofungwa boksi la usukani.

Njoo na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Ipitishe taratibu kwenye madigadi na pembe za nyuma. Inapoacha kushika, pana puti nene, na chini ya puti nene kwa kawaida pana tundu. Kwenye Land Rover sumaku hiyo itakuambia jambo jingine: ikishika kwenye digadi, jua kuna mtu alibandika bati la chuma juu ya alumini, na ugonjwa wa kuliwa umeshaanza nyuma yake.

Mtihani wa nyundo, na pa kukatia tamaa

Tumia nyundo ndogo yenye kichwa cha duara na bisibisi pana. Gonga chesisi kila sentimita 5, chini na pembeni, ukiwa umelala chini ya gari lililokaa kwenye stendi imara, kamwe lisiwe juu ya jeki pekee. Chuma kizima hulia kwa sauti kali na nyundo hurudi mkononi. Kilichooza hutoa sauti ya kufa na nyundo huacha bonyeo. Hapo sukuma bisibisi kwa nguvu. Weka alama ya chaki kila mahali ilipobonyea, kisha simama uhesabu.

Kwa Land Rover, boriti ya nyuma na mikono ya pembeni zikiwa ndizo pekee zilizooza, usiogope. Vipande hivyo huuzwa vikiwa tayari, unakata cha zamani na kuchomelea kipya. Lakini chaki zikijaa kati ya gia boksi na ekseli ya nyuma, pande zote mbili, usitegemee viraka. Hapo gari linahitaji chesisi nzima. Uingereza wako watengenezaji wa chesisi mpya za Land Rover zilizochovywa kwenye zinki, na ni kitu kizuri kweli, ila piga hesabu ya meli, ushuru na bandari kabla ya kusema ndiyo.

Kwa Land Cruiser, chesisi ikiwa nzima lakini paa, fremu ya kioo na nguzo za milango vyote vimeoza, tafuta kabini nyingine badala ya kushona ile. Kushona mfereji wa paa uliooza pande zote ni kazi ya miezi, na ukimaliza bado utavuja.

Kuchomelea: hapa ndipo uamuzi unapofanyika

Chesisi ya Land Rover unaweza kuichomelea kwa mashine ndogo ya fimbo (elektrodi). Kata kuoza mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa, usibandike kiraka juu ya kutu. Tumia pleti ya mm 3. Kiraka kikate umbo la almasi au chenye ncha pande mbili, ili mstari wa kuchomelea usikate chesisi wima. Mstari wima ndio unaopasuka gari likipita kwenye makorongo. Fimbo ya mm 2.5, ampea 60 hadi 80, vipande vifupi vya sentimita 3 au 4 ukihama upande huu na ule ili chesisi isipinde. Toboa pia matundu ya mm 8 katikati ya kiraka na kuyajaza, hapo kinashika kama kitu kimoja.

Bodi ya Land Cruiser haikubali fimbo. Bati lake halifiki mm 1 sehemu nyingi, na fimbo ya mm 2.5 hutoboa tundu kubwa kuliko lile ulilokuja kuziba. Inahitaji mashine ya waya na gesi, waya wa mm 0.6 au 0.8, na mtu aliyetulia. Kiraka kitoke kwenye bati jeusi la geji 20, lenye unene wa karibu mm 0.9. Usikubali fundi akuwekee bati la kuezekea: ni jembamba mno, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi unaomwangusha mtu kwa homa usiku huohuo. Kiraka kikae ukingo kwa ukingo, si kupandana, maana panapopandana maji hukaa. Gusa nukta moja, ruka sentimita 5, gusa nyingine, acha bati lipoe kila mara. Ukikimbiza mstari mmoja mrefu, bati litajikunja mawimbi ambayo puti haitayaficha.

Alumini ya Land Rover nayo usijaribu kuichomelea nyumbani. Huhitaji. Palipotoboka kata, weka kiraka cha alumini cha mm 1.2 na ufunge kwa riveti za alumini za mm 4.8. Riveti za chuma zitaanzisha tena ugonjwa uleule.

Umeme wa TANESCO wa nyumbani, wa njia moja, unatosha mashine ya fimbo ya kisasa au ya waya ya ampea 160. Tatizo huwa waya wa kuongezea. Waya mwembamba wa mita 30 hushusha umeme mpaka mashine inashindwa kuyeyusha, kisha fundi anaongeza ampea na kuunguza soketi. Tumia waya wa milimita mraba 4, usiozidi mita 15. Kabla ya kuchomelea chochote ondoa nyaya zote mbili za betri, chomoa alteneta, toa tangi la mafuta nje ya uwanja, na kwangua povu na gundi upande wa pili wa bati. Weka ndoo mbili za maji, magunia yaliyolowa, na mtu wa kuangalia upande usiouona. Moto wa zulia huanza kimyakimya.

Kuondoa kutu na kuizuia isirudi

Vipande vidogo vya chuma, mfano bawaba, vishikio, boksi la betri na pedali, visafishe kwa umeme. Ndoo ya plastiki ya lita 20, vijiko vitano vya chakula vya magadi soda ya unga, chaja ya betri ya volti 12. Hasi kwenye kipande chako, chanya kwenye kipande kingine cha chuma cha kawaida, visigusane. Acha saa 12 hadi 24, kisha suuza sana, kausha kwa joto, na upake praima siku hiyohiyo. Fanya nje, kwa kuwa gesi inayotoka hulipuka. Chuma kisichoshika kutu usikitumie upande wa chanya. Hutoa sumu ndani ya maji. Na usidumbukize alumini hata kidogo, itayeyuka.

Chesisi: brashi ya waya kwenye grainda, kisha dawa ya kubadili kutu yenye asidi ya fosforiki, acha ikauke vizuri, kisha praima ya epoksi mikono miwili na rangi nyeusi juu. Kwa chesisi nzima kadiria lita 3 za praima. Brashi hiyo ya chuma isiguse alumini: huacha chembe za chuma ndani ya uso wake, na kila chembe baadaye inakuwa lengelenge. Alumini isuguliwe kwa msasa wa 240 kisha 320, ipakwe praima maalumu ya alumini. Praima ya kawaida ya oksaidi nyekundu haishiki juu yake. Baada ya mwaka hubanduka vipande.

Ndani ya chesisi kunahitaji nta, na kazi hii ndiyo inayorukwa zaidi. Yeyusha kilo 1 ya nta ya mishumaa ndani ya sufuria iliyokaa kwenye maji ya moto, ongeza lita 1 ya oili mpya ya gia, zima moto kabisa, ndipo umimine lita 1 na nusu ya mafuta ya taa ukikoroga. Ingali na uvuguvugu ipulize kwa kompresa kupitia bomba refu jembamba ndani ya kila tundu la chesisi mpaka uone inadondoka upande wa pili. Rudia kila mwaka kabla ya masika. Kupaka oili chafu chini ya gari ni mazoea ya gereji nyingi, lakini haifai: oili hiyo ina asidi ya injini, hulainisha bushi za mpira, na hukamata vumbi linalogeuka tope la kudumu.

Unaporudisha bodi ya Land Rover, kila mahali alumini inapokutana na chuma paka rangi pande zote mbili, kisha weka gundi ya polyurethane ya kubandikia vioo vya magari. Silikoni inayonuka siki usiitumie; siki hiyo ni asidi na itaanza kula kabla gari halijatoka uani.

Injini na gia

Kwa injini, Land Cruiser ina utulivu zaidi. 1HZ ni dizeli ya silinda sita, sentimita za ujazo 4164, bila tabo, na karibu kila gereji ya Arusha na Moshi imeshaifungua. Inapenda kuishi. Mambo yanayoiua ni mawili: joto, linalopasua silinda hedi, na mkanda wa taiming uliosahauliwa. Mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hupiga pistoni. Gari uliloliokota halina historia, basi badilisha mkanda na kidhibiti chake kabla ya kuliwasha kwa mara ya kwanza.

Land Rover hutegemea umepata ipi. Ya kutafuta ni 300Tdi, iliyoanza mwaka 1994, au 200Tdi iliyotangulia. Zote ni sentimita za ujazo 2495 zenye tabo, na hula dizeli kidogo kuliko 1HZ. Ile ya lita 2.5 yenye tabo ya kabla ya mwaka 1990 ina sifa ya kupasua pistoni, kwa hiyo isikupandishie bei. Kwenye 300Tdi za mwanzo, mkanda wa taiming ulikaa kombo kidogo na kujisaga. Fungua kiziba cha chini cha kifuniko cha mkanda: ukitoka unga mweusi wa mpira, mkanda unaliwa na puli zake zinahitaji marekebisho. Nafuu iliyopo ni kwamba mkanda ukikatika, mara nyingi hupinda vijiti vinavyosukuma valvu tu, na hiyo ni hasara ndogo kuliko ya 1HZ.

Gia boksi ya 300Tdi ina udhaifu pale inapoungana na boksi la fo wili. Meno ya shafti hukosa oili, husagika yakawa makavu mekundu. Dalili ni kishindo ukiachia mafuta na kukanyaga tena. Mwisho wake gari lipo gia ya kwanza, injini inaguruma, matairi hayaendi. Fungua kifuniko kilicho nyuma ya boksi la fo wili uyaangalie meno kabla ya kulipa. Hii ni kazi ya dakika 20 inayookoa pesa nyingi.

Ekseli za mbele zinafanana kwa tabia. Zote zina mipira mikubwa ya chuma kwenye vichwa vya magurudumu. Kwenye Land Rover mipira hiyo ikichimbika vishimo vya kutu, hukata oili sili kila unapoweka mpya, kwa hiyo badilisha mpira wenyewe. Kwenye Land Cruiser, ukiona uji wa kijivu unachuruzika chini ya mpira, sili ya ndani ya ekseli imekufa na oili ya difu imechanganyika na grisi. Fungua, osha, weka beringi na sili mpya, jaza grisi ya molibdeni.

Jambo dogo la umeme: baadhi ya Land Cruiser hizi ni volti 24. Soma lebo kwenye stata na alteneta kabla ya kununua hata balbu.

Spana, spea na mikono

| | Land Rover 110 | Land Cruiser HZJ75 |
|---|---|---|
| Spana | Mchanganyiko wa inchi na milimita | Milimita tupu: 10, 12, 14, 17, 19 |
| Nati ya hab ya mbele | mm 52 | mm 54 |
| Springi | Koili, unanunua mpya | Majani, hunyooshwa hapahapa |
| Fo wili | Muda wote | Huingizwa, na kufuli za hab |
| Kushusha bodi | Vipande kwa vipande | Kabini nzima kwa winchi ya minyororo |
| Kuchomelea | Chesisi, kwa fimbo | Bodi, kwa waya na gesi |
| Bei ya kuuza baadaye | Nzuri ikipata mpenzi wake | Juu, na huuzika haraka |

Kuhusu spea, Arusha na Moshi zina bahati. Biashara ya watalii imefanya magari yote mawili yawe na mafundi na maduka. Land Rover ina wapenzi wake hapa, na tamasha la Oktoba 2024 lilikusanya mamia ya Land Rover Arusha. Tofauti iko kwenye ubora. Spea nyingi za Land Rover ni za kuiga, na beringi au sili ya kuiga hurudisha kazi baada ya miezi mitatu. Kwenye vitu vinavyozunguka, yaani beringi, sili, pampu ya maji na mkanda, nunua za watengenezaji wenye jina, kama Timken au Koyo kwa beringi, na ubane matumizi kwenye madigadi na taa. Kwa Land Cruiser, Toyota bado inatengeneza mfululizo huu wa 70, jambo linaloweka spea hai, ila bati halisi la bodi ni ghali, na hapo ndipo bajeti hupasuka.

Nafasi: panga uwanja usiopungua mita 5 kwa 9, kwa sababu vilivyofunguliwa huchukua eneo kuliko gari lenyewe. Land Rover wanaweza kuifungua watu wawili mpaka kwenye kitanda cha nyuma, kinachotaka watu wanne hadi sita. Kabini ya Land Cruiser inahitaji mti imara au boriti na winchi ya tani 1. Vuli na masika vitakukuta katikati ya kazi, basi jenga paa la turubai kwanza. Kupaka rangi nje kunafaa zaidi Januari na Februari, kuanzia saa nne asubuhi umande ukishakauka hadi saa nane mchana, sakafu ikiwa imelowekwa kuzuia vumbi. Arusha ya Juni na Julai ni baridi yenye ukungu, rangi hufubaa. Moshi iliyo chini zaidi ina nafuu, ingawa vumbi la Agosti na Septemba halina huruma kokote. Rangi za kuchanganya na hadina hazipulizwi kwa kufunga leso puani. Tafuta barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, maana ya makaa pekee haitoshi, fanya mahali penye hewa, na watoto wakae mbali. Puti isizidi mm 3, na usiisugue kwa maji ikiwa bado haijapakwa praima, maana hunyonya maji na kuyatoa baadaye kama malengelenge.

Karatasi nazo. Kadi ya gari ya TRA ina namba ya chesisi na ya injini. Zilinganishe na chuma chenyewe kwa macho yako. Land Rover nyingi zimebadilishwa injini, na si ajabu kukuta dizeli ya Kijapani chini ya boneti. Kama kadi haitaji injini iliyopo, muuzaji amalize hilo kabla hujalipa. Na unapokata chesisi, kipande chenye namba usikiguse wala kukisugua kwa grainda.

Basi nani achague lipi?

Kama una spana, subira, mashine ya fimbo na fundi wa chesisi jirani, lakini huna mtu wa bati jembamba, chukua Land Rover. Utaifungua kidogokidogo jioni baada ya kazi, kila kipande utakiweka peke yake, na ukikosea digadi unabadilisha digadi. Inamfaa anayejifunza.

Kama gari litabeba mizigo ya kweli kwenda Longido, Same au shambani Rombo, na unaye fundi wa mashine ya waya unayemwamini, chukua Land Cruiser, hata kama bei ya kununua ni kubwa zaidi. Injini haitakusumbua, na siku ukitaka kuuza hutatafuta mteja muda mrefu. Sharti ni paa na fremu ya kioo viwe vizima. Hayo mawili yakiwa mabovu, Land Cruiser inapoteza faida yake yote kwa anayefanya kazi nyumbani.

Ukipata Land Rover yenye chesisi nzima na Land Cruiser yenye chesisi ya mashaka, usihangaike na mapenzi ya jina, chukua yenye chesisi. Na kwa lolote utakalochukua, nunua kwanza mkanda wa taiming, sili zote za magurudumu, mabomba mapya ya breki ya inchi 3/16 na mipira ya bodi, kabla hujagusa rangi. Hivyo ndivyo vinavyokwamisha gari uani likiwa limeshapendeza, huku pesa ikiwa imeishia kwenye boneti.